Wa Mwisho ni Nani? Maisha ya Watu wa Kuba

Tuseme umefika Havana, mji mkuu wa Kuba. Ni asubuhi, na unataka mkate. Mbele ya duka wako watu kama ishirini. Mmoja amekaa kwenye ngazi. Wawili wako kivulini, ng'ambo ya barabara. Bibi mmoja yuko mlangoni kwake anajipepea kwa gazeti. Hakuna mstari wowote. Utadhani hakuna foleni. Kumbe foleni ipo, na kila mtu anaijua nafasi yake.

Fanya hivi. Uliza kwa sauti: "¿El último?" Tamka "el ultimo". Maana yake ni, "Wa mwisho ni nani?" Mtu mmoja atainua mkono. Basi, wewe unamfuata huyo. Watu wazoefu humwuliza pia yeye anamfuata nani, ili akichoka akaenda zake, wasipotee. Baada ya hapo nenda ukakae kivulini. Akija mtu mwingine na kuuliza, mkono utainua wewe.

Tumeanza na foleni kwa sababu mtu asiyeijua foleni hawezi kuwaelewa Wakuba. Kwa miaka mingi watu wale wameishi na vitu vichache. Desturi zao nyingi ni namna ya kugawana hivyo vichache bila kupigana. Mgeni anayezijua desturi hizo hupokewa vizuri. Asiyezijua huonekana mtu wa kusukumana.

NCHI NA WATU WAKE

Kuba ni kisiwa katika bahari ya Karibi, kusini ya Marekani. Kutoka ncha ya Marekani hadi Kuba ni kilometa 150 hivi tu. Kisiwa ni chembamba na kirefu. Urefu wake ni kama kilometa 1,200, karibu sawa na safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Lakini kwa eneo, Tanzania inaweza kuimeza Kuba mara nane.

Watu wa asili wa kisiwa kile, Wataino, walikuwa wakulima wa muhogo. Waliukuna, wakaukamua maji yake ya sumu, wakachoma mkate mwembamba uitwao "casabe". Mkate huo unaliwa hadi leo, hasa upande wa mashariki. Sisi huku tunauona muhogo kama chakula chetu cha tangu na tangu. Kumbe mbegu yake ilivuka bahari kutoka upande ule wa dunia, ikaletwa Afrika na Wareno.

Wahispania waliitawala Kuba kwa karibu miaka 400, hadi 1898. Wataino wengi walikufa kwa magonjwa na kwa kazi ngumu. Wahispania wakaleta watumwa kutoka Afrika, mamia ya maelfu, wakakate miwa. Wengi walitoka Afrika ya Magharibi na Kongo. Lakini wengine walitoka pwani ya Msumbiji. Katika orodha za watumwa wa Kuba limo kabila liitwalo "Macuá". Hao ni Wamakua, ndugu wa Wamakua tunaowajua Masasi. Utumwa ulikomeshwa Kuba mwaka 1886. Kabla ya hapo wakaletwa pia Wachina, zaidi ya laki moja, kwa mikataba ya kazi iliyokuwa karibu sawa na utumwa.

Kwa hiyo usishangae kumkuta Mkuba mweusi kama sisi, na dada yake wa mama mmoja ana rangi ya chungwa. Lugha yao wote ni Kihispania. Ila humo ndani yamo maneno kutoka kwetu. Bamia wanaiita "quimbombó", neno lililotoka Angola. Na wafuasi wa dini moja iliyotoka Kongo wana chungu kitakatifu wanachokiita "nganga". Ukilisikia neno hilo, huna haja ya mkalimani.

KITABU CHA MGAO

Wazee wetu wanazikumbuka foleni za sukari na sabuni za miaka ya mwanzo ya 1980. Kwa Wakuba hali ya namna hiyo haikupita. Tangu 1962 kila kaya ina kitabu kidogo cha mgao, kiitwacho "libreta". Ndani yake yameandikwa majina ya watu wa nyumba ile na umri wao. Kila familia imeandikishwa kwenye duka lake la mtaa. Mwenye duka huandika ubaoni kwa chaki: leo umefika mchele, leo imefika sukari. Kisha hutia alama kitabuni. Bei ya mgao ni ndogo sana.

Kitabu hicho kilipangwa ili asiwepo mtu wa kulala njaa. Mchele, maharage, sukari, mafuta ya kupikia, kahawa, na mkate mdogo mmoja kwa kila mtu kwa siku. Maziwa ni ya watoto hadi umri wa miaka saba. Kwa miaka mingi kilisaidia kweli. Lakini mgao haujawahi kumalizia mwezi. Miaka ya karibuni umepungua zaidi, na mara nyingi unachelewa. Septemba 2024 hata ule mkate ulipunguzwa, kutoka gramu 80 hadi gramu 60. Kinachobaki mtu anakitafuta mwenyewe sokoni, kwa bei ya juu, au kwa jirani, au kwa ndugu aliye ng'ambo.

Wakuba wana neno lao la kutafuta huku. Husema "resolver", yaani kutatua. Umepata wapi yai? "Nimetatua." Gari lile la mwaka 1953 linatembeaje? Mwenyewe ametatua: injini ameitoa kwenye gari lingine, na kipuri kingine amekichonga mwenyewe. Neno hili utalisikia mara nyingi kwa siku. Kwetu tungesema kuhangaika, lakini wao hulisema huku wakitabasamu kidogo.

Chakula chenyewe ni cha kutufaa sisi. Wali na maharage meusi ndio msingi. Wakiupika wali pamoja na maharage mekundu, huuita "congrí". Muhogo huchemshwa, ukamwagiwa kitunguu saumu kilichokaangwa na maji ya machungwa machachu. Ndizi mbichi hukatwa vipande vinene, zikakaangwa, zikapondwa bapa, zikakaangwa tena. Viazi vitamu vipo. Pilipili hawaipendi, na mtu wa pwani atasikitika. Nyama yao ya sherehe ni nguruwe, basi Mwislamu aulize kabla ya kula, maana mafuta yake huingia hata kwenye maharage.

Ukiingia nyumba ya Mkuba utapewa kahawa. Ni kidogo, kali, na tamu sana. Kahawa ya mgao huchanganywa na njegere kavu zilizokaangwa, ili itoshe. Usikatae. Huenda ni kahawa ya mwisho nyumbani mle.

NYUMBANI NA MTAANI

Nyumba ni chache, kwa hiyo bibi, mama, binti na mjukuu hukaa pamoja. Huko Havana ya zamani nyumba nyingi ni za ghorofa, zimechakaa, na baadhi zimekwisha kuanguka. Mama wa ghorofa ya tatu hashuki kununua vitunguu. Hutoka rosheni, akateremsha kikapu kwa kamba chenye pesa ndani. Muuzaji hutoa pesa, akatia vitunguu, na kikapu kikapanda. Jioni mlango huachwa wazi na viti hutolewa nje. Wanaume huweka meza chini ya taa ya barabarani na kucheza dhumna. Havana hutumia kete 55. Mashariki ya nchi hutumia 28, na kila upande huona mwenzake hajui mchezo.

Kusalimiana ni kwa busu moja shavuni, mwanamke na mwanamke, au mwanamke na mwanamume. Wanaume hupeana mikono. Usistuke muuza duka asiyekujua akikuita "mpenzi wangu". Hana nia yoyote. Ni kama kwetu kuitwa "mwanangu" au "baba" na mtu ambaye huna undugu naye.

Mwanamke akiolewa habadili jina. Kila mtu ana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama. Tuseme baba ni Pérez na mama ni Gómez. Mtoto wao María ataitwa María Pérez Gómez mpaka kufa, awe ameolewa au hajaolewa. Zamani la baba lilitangulia siku zote. Sheria mpya ya familia, iliyopigiwa kura Septemba 2022, imewaruhusu wazazi kupatana lipi litangulie.

Binti akifika miaka 15 hufanyiwa sherehe kubwa. Wazazi hujiwekea akiba miaka mingi kwa siku hiyo. Hukodiwa magauni na kupigwa picha nyingi. Sisi tunaojua gharama za ngoma za wasichana hatuna la kuwacheka.

Mitaa yote ina kamati za majirani, zilizoanzishwa Septemba 28, 1960. Zinafanana kidogo na nyumba kumi kumi zetu. Kila mwaka, usiku wa kuamkia tarehe hiyo, majirani huchanga viazi, mahindi na nyama, wakapika supu nzito barabarani kwenye sufuria moja. Kazi nyingine ya kamati hizo ilikuwa kuangalia nani anasema nini juu ya serikali. Hilo nalo ni kweli, na Wakuba wenyewe hulisema kwa sauti ya chini.

MTU ANAYEWASOMEA WENZAKE

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi tuliojifunza kusoma ukubwani.

Kuba hutengeneza sigara nene za kuviringishwa kwa mkono, zinazojulikana duniani kote. Kazi yake ni ya kukaa. Watu huketi kwenye meza zilizopangwa kama madarasa ya shule, mikono inaviringisha majani ya tumbaku, lakini masikio hayana kazi. Mwaka 1865, katika kiwanda kimoja cha Havana kiitwacho El Fígaro, wafanyakazi walifanya mpango. Mmoja wao aache kuviringisha, awasomee wenzake kwa sauti. Ujira wake wakauchanga wao wenyewe. Wakati ule wengi wao hawakujua kusoma.

Mpango ukaenea viwanda vingine. Msomaji alipanda jukwaani. Asubuhi alisoma gazeti, baadaye kitabu cha hadithi. Kitabu kilichaguliwa kwa kura. Lakini mwaka uliofuata, 1866, serikali ya Wahispania ilipiga marufuku. Ilisema kusoma kunawatoa watu kwenye kazi yao. Sisi tunaona sababu ilikuwa nyingine. Mtu anayesikia gazeti kila asubuhi huanza kuuliza maswali. Hata hivyo marufuku haikudumu. Usomaji ulirudi, ukazuiwa tena wakati wa vita vya uhuru, ukarudi tena.

Hadi karne hii wasomaji hao wamekuwapo viwandani, na wengi ni wanawake. Anayeomba kazi hiyo husoma kwa majaribio, na wafanyakazi humpigia kura. Wakipendezwa hawapigi makofi, maana mikono ina kazi. Hugonga meza kwa kile kisu chao cha kukatia majani. Hadithi zinazopendwa zimeacha majina yao hata kwenye sigara zenyewe. Ziko zinazoitwa Montecristo, kwa jina la hadithi ya Mfaransa Alexandre Dumas, na nyingine Romeo y Julieta, kwa mchezo wa Shakespeare.

Lakini viwandani ilikuwa mijini. Shamba, mambo yalikuwa mengine. Januari 1, 1959 wanamapinduzi wa Fidel Castro walishika serikali. Katika kila watu wazima 100, kama 23 walikuwa hawajui kusoma, na vijijini hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1961 ukatangazwa mwaka wa elimu. Shule zilifungwa mapema, Aprili, ili wanafunzi wakafundishe. Vijana kama laki moja walijitolea. Zaidi ya nusu walikuwa wasichana, na wengine walikuwa na miaka 12 au 13 tu. Wazazi wengi wa mjini hawakulala usingizi mwaka ule, na tunawaelewa.

Kila kijana alipewa sare, blanketi, kitanda cha kamba cha kuning'iniza, vitabu viwili na karabai. Mchana alilima pamoja na familia iliyompokea. Usiku karabai iliwashwa, na somo likaanza. Somo la kwanza la kitabu cha kusomea lilikuwa herufi tatu: OEA. Kwa Kihispania ni kifupi cha jina la umoja wa nchi za Amerika, lakini kwa mwanafunzi ni irabu tatu zilizo rahisi kutamka. Walimu wenzetu wataona ujanja wake. Wataona pia kuwa siasa iliingia darasani tangu herufi ya kwanza. Kitabu kile hakikuficha kilikuwa cha upande gani.

Na haikuwa kazi ya salama. Milimani walikuwako watu wenye silaha waliopinga mapinduzi. Januari 1961 walimwua mwalimu wa kujitolea, Conrado Benítez, kijana wa miaka 18. Novemba wakamwua Manuel Ascunce, wa miaka 16, pamoja na mkulima aliyekuwa akiishi naye, Pedro Lantigua. Vijana waliobaki hawakurudishwa nyumbani. Waliendelea.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kuandika barua kwa Fidel Castro. Barua hizo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya kisomo, pale Havana. Mgeni anaweza kwenda kuziangalia. Mwandiko ni ule tunaoufahamu sisi: herufi kubwa, zilizokandamizwa kwa nguvu, zinazopanda na kushuka mstari.

Desemba 22, 1961 vijana walikusanyika Havana wakiwa wamebeba penseli kubwa mabegani kama bunduki. Watu 707,000 walikuwa wamejifunza kusoma na kuandika. Wasiojua walibaki chini ya 4 katika kila 100. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Mwalimu nchini Kuba. Hapa Tanzania kampeni yetu kubwa ilikuja baadaye kidogo, na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakuba hawakuishia kwenye barua. Walianzisha masomo ya kufuatia, ili waliohitimu wafike kiwango cha darasa la sita, kisha la tisa. Walijua kuwa mtu asiyekuwa na kitu cha kusoma husahau.

Hapo lakini pana swali, nasi hatulifichi. Watu wale walifundishwa kusoma, lakini magazeti ya nchi yakawa ya chama kimoja na serikali yake. Maandishi ya kupinga hayakuruhusiwa. Siku hizi vijana husoma wanachotaka kwenye simu, pale mtandao unapopatikana.

NGOMA NA DINI

Kuhusu muziki tutasema kidogo, maana wasomaji wengi mmeshausikia bila kujua. Rumba ya Kuba ilianzia kwa watu weusi wa Havana na Matanzas. Waliponyimwa ngoma walipiga masanduku ya mbao ya bandarini. Mtindo mwingine, "son", uliunganisha gitaa la Wahispania na ngoma za Waafrika. Santuri za muziki huo zilifika Afrika tangu miaka ya 1930. Wanamuziki wa Kongo wakazisikia, na wa kwetu pia. Pale Morogoro Salum Abdallah aliiongoza bendi yake, akaiita Cuban Marimba.

Wakuba wengi ni Wakristo kwa jina, na wakati huohuo huheshimu mizimu iliyokuja na watumwa. Mtakatifu mmoja huwa na majina mawili, la kanisani na la Kiafrika. Ukimwona mtu amevaa nyeupe tupu kuanzia kofia mpaka viatu, huenda ni mwari wa dini hiyo. Huvaa hivyo mwaka mzima. Usimpe mkono, na usimpige picha.

KAMA UNASAFIRI

Mgeni anaweza kulala kwa watu. Tangu miaka ya 1990 serikali imeruhusu raia kupangisha vyumba. Nyumba hizo zina alama ya buluu mlangoni. Mwenye nyumba ataandika habari za pasi yako daftarini, kwa sababu sheria inamtaka. Chukua fedha taslimu, kwani kadi za benki za Marekani hazifanyi kazi kule. Chukua na dawa zako zote, na sabuni. Kuba imepeleka madaktari nchi nyingi. Mwaka 2018 Kenya ilipokea 100. Lakini madukani kwao wenyewe, vidonge vya kawaida vimekuwa shida.

Hali imekuwa ngumu tangu 1991, Umoja wa Kisovieti uliokuwa ukiwasaidia ulipovunjika. Miaka ya karibuni imezidi. Oktoba 2024 mtambo mkubwa wa umeme ulizimika na nchi nzima ikawa gizani. Serikali husema chanzo ni vikwazo vya Marekani, ambavyo vimekuwapo tangu 1962. Wapinzani husema ni serikali yenyewe, inayotaka kuendesha kila kitu. Sisi tunaona kila upande una sehemu ya ukweli. Julai 11, 2021 watu waliandamana katika miji mingi, na mamia wakafungwa. Kwa hiyo usimlazimishe mwenyeji wako azungumze siasa. Wewe utapanda ndege, yeye atabaki.

Tangu mwaka huo watu wengi sana wamehama, hasa vijana. Nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 11. Mwisho wa 2024, kwa hesabu ya serikali, hawakufika milioni 10. Nyumba nyingi sasa zina bibi, mjukuu, na simu inayopokea habari za walioondoka.

Utayaona haya vizuri usiku wa Desemba 31. Saa sita kamili watu hufungua milango na kumwaga ndoo ya maji barabarani, ili uchafu wa mwaka uende. Mwingine hutoka na sanduku la safari, wakati mwingine tupu kabisa, akalizungusha mtaa mzima mbio mbio, ili mwaka unaoingia umpe safari. Majirani humshangilia na kumtania. Mama yake husimama mlangoni akimwangalia, mpaka azunguke kona na kurudi ndani kula.